Risala ya Nyumba Iliyoinama

Watu hawawezi kuona kitu kimeinama wakakiacha. Hilo nimelijua kwa kazi. Nilipangiwa kulinda chumba kimoja cha makumbusho hapa Doha, chumba cha picha zilizochorwa kwa penseli za rangi na mwanamke wa Kiinuiti, wale watu wa kaskazini kabisa ya dunia, wanaoishi kwenye barafu. Picha iliyonitesa ilikuwa karibu na mlango. Inaonyesha jiko la nyumba ya mbao, na nyumba yote imelala upande, kwa sababu ardhi ya kwao, iliyoganda tangu enzi za mababu, sasa inayeyuka na nguzo zinadidimia. Meza imeinama. Rafu za vyombo zimeinama. Taa peke yake inaning'inia wima, na kwa hiyo inaonekana kana kwamba ndiyo iliyokosea.

Fremu ilikuwa imenyooka kabisa. Lakini mgeni akiingia, hata hajafika katikati ya chumba, anasimama, anakunja uso, halafu anavuka mstari wa kijivu wa sakafuni na kwenda moja kwa moja kuinyoosha.

"Samahani, usiguse," nasema, kwa Kiingereza changu cha diuti.

"Imekaa vibaya."

"Haikukaa vibaya. Nyumba ndiyo imeinama."

"Nyumba ipi?"

"Ya kwenye picha."

Anaitazama picha, ananitazama mimi, halafu analaza kichwa begani ili nyumba isimame. Wengine wanapiga picha wakiwa wamelaza vichwa hivyo hivyo, familia nzima. Wengine hawaniamini. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kabisa kwamba si kosa langu, nisiogope, atakwenda mwenyewe kuwaambia mapokezi. Akaenda. Baada ya muda msimamizi wangu, Mganda mwenye sauti ya kuhubiri, akaniita kwenye redio.

"Kwa nini picha yako imeenda upande? Umeegemea?"

"Sijaegemea, sir. Nyumba ndiyo imeinama."

"Usinijibu mafumbo. Nakuja."

Alikuja na fundi, na fundi akaja na pimamaji ya kupimia unyoofu. Wakaiweka juu ya fremu. Povu likatulia katikati. Msimamizi akaliangalia lile povu kama mtu aliyeonewa, akasema, "Sawa, iacheni. Lakini mimi siipendi." Wiki hiyo hiyo akaleta fundi mwingine.

Picha nyingine hazikuwa na matata. Kulikuwa na mwanamume amesimama ukingoni mwa barafu, mbele yake maji meusi mahali ambapo zamani alikuwa akipita na pikipiki ya theluji, na ameinua simu juu anatafuta mtandao. Kulikuwa na watu wameketi sakafuni wanakula nyama ya sili iliyokatwa juu ya boksi lililokunjuliwa, huku televisheni inawaka na mtoto amelala na viatu. Kulikuwa na dubu mweupe kwenye jalala la kijiji, ananusa mfuko wa plastiki. Kulikuwa na duka, na bibi ameshika chungwa moja kwa mikono miwili, anasoma bei. Hakuna aliyekuwa analia katika picha zile, na hakuna aliyekuwa anacheka. Watu walikuwa wanafanya shughuli zao. Hilo nalo liliwaudhi wageni. Walikuja kutafuta vile vibanda vya theluji vya mviringo, na wasipoviona wananiuliza mimi viko wapi, kana kwamba nimevificha stoo. Wasipoulizia vibanda, wanaulizia choo.

Siku moja akaja dada wa maandishi. Ni Mwarabu kijana, ndiye aliyesimamia vile vibao vidogo vinavyobandikwa pembeni ya picha kuzieleza. Alikuwa na tabia ya kuwasalimia walinzi, jambo ambalo si wote hulifanya.

"Akhi," akaniambia, yaani ndugu, "wewe unakaa na picha hizi kutwa nzima. Tunataka baadhi ya vibao viandikwe na nyinyi, kila mtu kwa lugha yake. Chagua picha moja. Andika unachokiona. Sisi tutatafsiri chini yake kwa Kiarabu na Kiingereza."

Akanipa kadi nyeupe ya ukubwa wa kiganja, akasema maneno yasizidi hapo, na niwe tayari Alhamisi ya wiki inayofuata. Nilikubali kwa sababu kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Mimi si msemaji. Nyumbani kaka yangu alinisemea. Shuleni, mwalimu akiniuliza swali, aliyekaa jirani yangu alijibu. Kwa wakala wa kazi kule Dar es Salaam, mtu aliyenipeleka alijibu kila swali badala yangu, hata waliponiuliza jina la mama. Nilimaliza darasa la saba na sikuendelea, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Nikiandika jina langu kwenye kitabu cha zamu, wenzangu wa nyuma huanza kukohoa. Kwa hiyo nilipobaki peke yangu na ile kadi, nikashangaa kwamba nilikuwa naitaka. Nilitaka maneno yaliyo pale ukutani yawe yangu, hata yawe mawili, yasipite mdomoni mwa mtu mwingine kwanza. Sikuwahi kutaka kitu cha namna hiyo kabla.

Kosa nililofanya ni kumwonyesha Mkenya kadi. Mkenya ni mlinzi mwenzangu, tunakaa chumba kimoja mtaa wa Najma, na hana siri hata moja tangu azaliwe, yake wala ya mtu.

"Buda! Umekuwa mwandishi?" akasema kwenye basi, basi zima likasikia. "Si utuandike pia sisi? Andika, 'Kwa niaba ya mahasla wote.'"

"Ni kadi ndogo tu."

"Ndogo gani? Itakaa kwa ukuta ya museum, bana. Wacha nimwambie Katibu."

"Usimwambie Katibu."

Akamwambia Katibu.

Katibu ni Mtanzania mwenzangu, mtu mzima, tunakaa naye chumba hicho hicho, anafanya kazi hotelini kwenye upande wa usafi. Kwao alikuwa katibu wa kamati ya shule, na kabla ya hapo katibu wa kwaya, na kabla ya hapo sijui. Hakuna mgeni aliyewahi kufika kijijini kwao asisomewe risala iliyoandikwa na yeye. Hapa Doha hakuna mgeni rasmi anayekuja chumbani kwetu, na nadhani hilo lilimuumiza kuliko kazi na joto. Wa nne wetu ni Ami, dereva wa nyumbani kwa familia moja ya mtaa wa Muaither, mtu wa Unguja, ambaye siku za mapumziko huja kulala kwetu ili aongee Kiswahili mpaka ashibe.

Ijumaa, Ami na mimi tuliporudi msikitini, tukala pilau kwenye sinia moja kama kawaida. Katibu alikula upesi. Akanawa, akavaa shati, akakaa juu ya ndoo, akafungua daftari kubwa.

"Dogo, sogea. Tuanze."

"Tuanze nini, Katibu?"

"Risala."

"Si risala. Ni kibao. Wanataka niandike ninachokiona kwenye picha."

"Ndiyo. Utakieleza ndani ya risala. Unadhani mtu anaingia tu na kusema anachokiona? Hata mganga huanza na salamu." Akaanza kuandika huku anasoma kwa sauti, ile sauti wanayoitoa watu wakishika kipaza sauti: "Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa makumbusho, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Awali ya yote hatuna budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha hapa, mbele ya picha hii."

"Hakuna anayekutana, Katibu. Watu wanapita tu."

"Wakipita si wanakutana na picha? Nyamaza nisipoteze mtiririko. Picha yenyewe inahusu nini?"

Nikaeleza. Mama mmoja yuko jikoni, anapika. Nyumba imeinama kwa sababu ardhi chini inayeyuka.

"Anapika nini?" akauliza Ami, akiwa amejilaza.

"Nafikiri ni sili."

"Sili ndo nini?"

"Mnyama wa baharini. Ana manyoya. Anapanda juu ya barafu kupumzika."

Ami akaketi. "Hebu nambie vizuri. Yuko baharini au yuko juu?"

"Kote."

"Basi hapo pana maneno. Wa baharini ni halali, hilo halina shaka. Lakini huyu anayepanda juu na kushuka, huyu ni kama chura."

"Ami, sili si chura," akasema Mkenya. "Sili ni kama ng'ombe ya bahari. Nimeona kwa simu."

"Chura naye yumo majini, yakhe. Mbona humli?"

"Mimi simli sababu ni chura!"

Wakabishana mpaka chai. Katibu hakuinua kichwa. Alikuwa ameshafika kwenye mafanikio. Risala, kwa asiyejua, ina mafanikio, ina changamoto, na ina maombi, na ukiruka kimoja umemdharau mgeni.

"Pamoja na hali hiyo," akasoma, "yapo mafanikio mbalimbali. Mosi, nyumba haijaanguka. Pili, huduma ya chakula inaendelea kutolewa."

Mkenya akacheka mpaka akamwaga chai. Katibu akamtazama juu ya miwani, akaendelea.

"Changamoto. Mosi, kuinama kwa nyumba. Pili, upungufu wa barafu. Tatu, kiyoyozi cha chumba chetu kudondosha maji kwenye kitanda cha chini."

"Kiyoyozi chetu kimeingiaje?"

"Mgeni rasmi akishakuja, unamweleza yote. Hatakuja mara mbili."

"Katibu, hakuna mgeni rasmi."

"Yupo," akasema kwa uhakika kabisa. Mkenya akawa amesimama anamrekodi kwa simu, Katibu anasoma tangu mwanzo, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

Ile video ikaenda kwenye kundi lao la simu, na Katibu akaituma kwa jamaa zake wa Handeni, na Handeni si mbali na kwetu. Siku mbili baadaye mama akanipigia, jambo ambalo yeye halifanyi. Yeye hungoja apigiwe.

"Baba, nasikia utasoma risala mbele ya wakubwa wa huko."

"Hapana, mama. Ni karatasi ndogo tu ya kubandika ukutani."

"Wazee wamekaa jana. Wanasema usisahau kutaja kisima. Pampu imekufa tangu masika, tunachota mtoni na ng'ombe."

"Mama, karatasi yenyewe ni kama kiganja."

"Hata iwe kiganja. Kisima si neno refu."

Nikamwambia kwamba picha ni ya watu wa mbali, wa barafuni, na kisima chetu hakiwahusu. Akanijibu kwamba watu wa barafuni maji wanayo. Kaka akachukua simu akasema, "Usituaibishe. Kwa mara ya kwanza umepewa nafasi ya kusema." Nikataka kumwambia kwamba kama ni nafasi yangu ya kusema, basi aniache niseme. Lakini tayari alikuwa anamsalimia Mkenya, ambaye alikuwa amesogeza kichwa kwenye simu bila kualikwa.

Nilikuwa sijaandika hata herufi. Kazini nikawa namtazama yule mama wa kwenye picha kila wageni wanapopungua. Mchoraji amemchora ameshika mfuniko wa sufuria kwa kitambaa. Mguu mmoja ameutanguliza upande wa chini wa mteremko wa sakafu, ili asiteleze, na unaona kwamba mguu umeshazoea. Chini ya mguu wa meza ameweka vipande vya boksi vilivyokunjwa. Uso wake nilikuwa nimeusoma vibaya. Mwanzoni nilidhani ana huzuni, kwa sababu wageni wote walikuwa wakisema maskini, maskini. Siku nyingi zilipita kabla sijaona kwamba hatazami sufuria. Anatazama kando, mlangoni, kama kuna mtu ameingia na amefungua mdomo. Na yeye anajua mtu huyo anataka kusema nini. Mimi nilikuwa namuona mtu huyo kutwa. Alikuwa anaingia kila baada ya dakika chache, ameshakunja uso, mkono umeshanyooka kuelekea fremu.

Nikaandika kwenye chumba cha walinzi, wakati wa mapumziko, kwanza kwenye karatasi ya kufungia sambusa. Nikaandika kwamba mama ana huzuni, nikafuta. Nikaandika kuhusu barafu, nikafuta, kwa sababu yale nilikuwa nimeyasoma kwenye vibao vya wengine. Siku ya tatu nikaandika hivi, nikanakili kwenye kadi:

"Mama anapika. Nyumba imelala upande. Ameshaambiwa."

Nikairudia kuisoma. Kadi ilikuwa na nafasi nyingi iliyobaki, lakini sikuona cha kuongeza.

Nilikosea tena: niliiacha kadi juu ya kitanda nikaenda kuoga. Nilipotoka, Katibu alikuwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo niliyoandika."

"Hii? Hakuna salamu. Hakuna shukrani. Ameshaambiwa nini? Na nani? Wapi?" Akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. "Dogo, huu ni ukuta wa serikali ya watu. Wahindi watakuwa wameandika, Wafilipino watakuwa wameandika, Wanepali wameandika ya maana. Sisi Waswahili tutakuwa na mistari hii kama ujumbe wa kuomba vocha."

"Nadhani inatosha, Katibu."

"Inatosha! Mimi nimetumia Ijumaa yangu yote, nimeinakili upya mara mbili kwa wino, wewe unasema inatosha." Akaiweka kadi kitandani taratibu, na hiyo taratibu ilikuwa mbaya kuliko kama angeitupa. "Sawa. Wewe ni msanii."

Jioni ile sinia lilipowekwa, hakuniita. Kwetu mtu haambiwi "njoo ule" kwa sababu ana njaa. Anaambiwa kwa sababu yupo. Nikakaa kitandani kwangu na mkate wa kubus na chai, juu, karibu na kiyoyozi, nikawasikia wakila. Ami akasema, "Mwiteni mtoto." Katibu akasema, "Msanii anakula nafasi aliyobakiza kwenye kadi." Mkenya akacheka, halafu akanipitishia paja la kuku nyuma ya mgongo wake, kama anapitisha rushwa.

"Skiza, buda," akanong'ona baadaye. "Peleka zote mbili. Wao wachague. Hutakosana na mtu."

Ndilo shauri nililolipata kila mahali maishani: peleka zote mbili, wachague wao. Nililichukia, na asubuhi nikazibeba zote mbili. Kurasa za Katibu, zilizokunjwa vizuri, mfuko wa kulia. Kadi mfuko wa kushoto. Katibu aliniona nikiweka kurasa mfukoni, akanifunga kifungo cha juu cha shati, kama mzazi. Hapo ndipo nilipokasirika kabisa, kwa sababu ni rahisi zaidi kumkatalia mtu anayekununia.

Alhamisi ile chumba kilijaa wanafunzi. Nilisema "usiguse" mpaka koo likakauka. Dada wa maandishi alikuja wakati mwalimu wao mwenyewe ameshika kona ya fremu.

"Akhi, umeandika?"

Mkono wangu ukaenda kulia, ukarudi. Niliwaza sinia. Niliwaza mama na ng'ombe mtoni. Nikampa kadi.

Akaisoma kwa kutamka, herufi moja moja, vizuri kuliko nilivyotegemea. "Inasema nini?"

Nikamweleza. Anapika. Nyumba iko upande. Halafu lile neno la mwisho likanishinda kwa Kiingereza, nikasema, "Watu wamemwambia tayari."

"Nani wamemwambia?"

"Wote."

"Wamemwambia nini?"

"Kwamba nyumba imeinama."

Akageuka kuitazama picha. Hakulaza kichwa, na mimi nikamshukuru kimoyomoyo. Halafu akasema, "Ni nzuri. Lakini labda uongeze sentensi moja kuhusu hali ya hewa? Kuyeyuka kwa ardhi. Ili watu waelewe kwa nini."

Hata yeye.

"Hapana," nikasema.

"Fupi tu. Naweza kukuandikia mimi, wewe utafsiri."

"Hapana." Ya pili ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyoipanga, wanafunzi wakageuka. Nikaongeza, kwa sauti ya chini, "Hiyo imeandikwa kule kwenye kibao kikubwa cha ukuta wa kwanza, dada. Yote. Yeye sasa anapika."

Hakuchukia. Akaitia kadi ndani ya bahasha, akaandika kitu juu yake, akaondoka. Mwalimu alikuwa bado ameshika fremu.

Jioni nilimpigia mama mwenyewe, kabla hajasikia kwa wengine.

"Umekitaja?"

"Sikukitaja, mama. Nimemtaja mama mmoja wa huko kwenye barafu. Nyumba yake imelala upande."

Nikasikia kuku wake. "Na wakishasoma, watamnyooshea nyumba?"

"Sidhani."

"Sasa faida yake nini?"

Nikamwambia nitaongea na kaka kuhusu pampu, tutafute fundi wa Korogwe, na akasema fundi wa Korogwe ameshakuja, ameshaitazama, na ameshasema imekufa. "Kila anayekuja anatuambia imekufa," akasema mama. "Tunajua imekufa." Akakata simu. Nadhani alikuwa amenikasirikia, na alikuwa na haki.

Katibu nilimrudishia kurasa zake mkononi. Hakuuliza. Aliziweka ndani ya daftari, na sinia likaendelea bila mimi, mpaka kibao kikabandikwa na Ami akatoa amri kwamba Ijumaa wote wataenda kukiona, aliyenuna na asiyenuna, yeye ndiye mwenye gari. Mimi nilikuwa zamu. Nikawaona wanaingia: Ami na kanzu yake ya Idi, Mkenya na miwani ya jua humo ndani, na Katibu amevaa suti. Sikujua kama alikuja nayo Doha. Ilikuwa na alama za kukunjwa sandukuni.

Mkenya akapiga picha kila mtu amesimama mbele ya kibao, mabega yao yakakifunika chote. Ami akakwenda kwenye picha ya watu wanaokula sakafuni, akainama kumwangalia sili kwa karibu, akarudi akatoa hukumu: "Kakatiwa juu ya boksi, kama vile sie tunavyofanya na nguru. Basi mimi nasema wa baharini." Mkenya akamwambia afadhali, watu wa huko walikuwa wanangoja ruhusa yake.

Katibu alikuwa amesimama peke yake. Akavaa miwani, akaweka mkono mmoja nyuma ya mgongo, na akasoma kibao kwa sauti. Hajui kusoma maandishi ya hadharani kwa namna nyingine. "Mama anapika," akasema, akatua, akatazama kulia na kushoto. "Nyumba imelala upande." Akatua tena. Mama mmoja Mfilipino na mtoto wake wakasimama kusikiliza, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. "Ameshaambiwa."

Akamtazama yule mama mwenye mfuniko, na mlango anaoutazama.

"Fupi mno," akasema hatimaye. "Lakini inasomeka."

"Asante, Katibu."

"Kuna kitu kimoja tu. Haijafungwa." Akatoa kalamu mfuko wa ndani wa suti. "Hapa chini pamebaki nafasi ya 'Ahsanteni kwa kunisikiliza.' Herufi ndogo tu. Hakuna atakayejua."

"Katibu, weka kalamu."

"Ni adabu tu, dogo. Watu wamesimama wamekusikiliza, huwezi kuwaacha hivi hivi." Na alikuwa ameshavuka ule mstari wa kijivu sakafuni, ambao mgeni yeyote haruhusiwi kuuvuka, mkono umenyooka.

"Rudi nyuma ya mstari."

Akageuka.

"Unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe."

Alinitazama mimi, na sare yangu, na redio yangu. Akafunika kalamu. Akarudi nyuma polepole, mguu mmoja, huku wa pili umebaki ndani ya mstari.

"Na huo," nikasema.